Shajara ya Kikopey: Bei ya Kilo na Sekunde Zake

Alhamisi, 12 Desemba 2024

Sikukuu ya Jamhuri. Tangu saa nne asubuhi magari yamejipanga pande zote mbili za barabara kuu, na vijana wenye makoti meupe wamesimama ukingoni mwa lami wakiyapungia mikono yale yanayopita. Mimi, fundi wa programu, niko benchi la nyuma ya kibanda cha nyama ya kuchoma hapa Kikopey, kompyuta magotini, natazama mfumo wa oda ukilemewa.

Wazo la mfumo ni rahisi na nalipenda tangu siku nilipokabidhiwa. Msafiri akiwa Naivasha anafungua ukurasa kwenye simu, anaona vibanda vilivyojiunga, bei ya kilo ya mbuzi na nyama iliyobaki. Anaagiza, analipa kwa M-Pesa, na akifika Kikopey anakuta nyama yake inakatwa. Siku za kawaida ukurasa unafunguka papo hapo. Leo mchana ulichukua sekunde tisa, kisha ukakataa kabisa. Watu walipita na magari yao hadi Nakuru, na wachomaji wakabaki na nyama waliyoiandaa.

Nimechungulia seva wakati inasumbuka. Kichakataji kilikuwa na nafasi tele. Kilichokwisha ni miunganisho ya hifadhidata. PostgreSQL, hifadhidata tunayotumia, huanzisha mchakato mzima kwa kila anayejiunganisha nayo, na kiwango chake cha kawaida ni miunganisho 100. Ukurasa wetu wa mbele unaiuliza maswali mengi kwa kila mgeni: majina ya vibanda, bei, picha, saa za kufungua, kilo zilizobaki. Mgeni wa pili anauliza yaleyale aliyouliza wa kwanza nusu sekunde iliyopita, na jibu halijabadilika hata nukta. Hifadhidata inachoka kwa kurudia maneno yake yenyewe.

Krismasi haiko mbali. Nairobi nzima itapita hapa ikienda ushago.

Jumamosi, 14 Desemba

Rafiki yangu wa Nakuru, fundi mwenzangu, aliniambia kwa simu niweke kache, yaani kumbukumbu ya haraka mbele ya hifadhidata, leoleo niende zangu. Nimekataa. Kwanza nipime.

Nimeiomba hifadhidata ieleze inavyotafuta jibu la kila swali, na swali moja limejitokeza lenyewe. Ili ijue kilo zilizobaki kibandani, ilikuwa inapekua oda zote tangu mfumo uanze, mstari baada ya mstari, kwa sababu hakuna faharasa kwenye safu za kibanda na tarehe. Nimeiongeza faharasa. Swali lililokuwa likimeza karibu sekunde nzima sasa linajibiwa kwa milisekunde chache.

Hili nitalisema mbele ya yeyote: anayeweka kache juu ya swali bovu anauficha ugonjwa. Siku kache ikizimika, na lazima siku moja izimike, ugonjwa utarudi na wateja wote wakiwa mlangoni. Faharasa kwanza. Pili, foleni ya miunganisho mbele ya hifadhidata, ili programu igawane miunganisho michache na anayezidi asubiri kidogo badala ya kufukuzwa. Yote mawili yameingia leo. Kumbukumbu ya haraka itafuata.

Jumapili, 15 Desemba

Nimewaza umbali. Seva yetu tumeikodi Ulaya kwa sababu ni nafuu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Kenya hadi Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, wakati nyaya za baharini hazinyooki. Kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 60 hata ukiomba vipi, na kwa kweli ni mara mbili yake au zaidi. Kache iliyolala pembeni ya hifadhidata kule Ulaya haipunguzi hata moja ya hizo.

Wenyewe tuliwahi kuishi hivyo kwa jambo kubwa zaidi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikaa Ujerumani, hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mtu wa Gilgil akimtumia nduguye wa Gilgil shilingi mia mbili, habari zilikwenda Ulaya na kurudi. Na Mei mwaka huu, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilizorota.

Kwa hiyo picha za vibanda, nembo na saa za kufungua nimeziamuru zikae ndani ya simu ya mteja mwenyewe, wiki nzima. Hizo hazina haja ya kuvuka bahari kila mtu anapofungua ukurasa.

Jumatatu, 16 Desemba

Jioni ya kusoma. Mawazo haya ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Maurice Wilkes wa Cambridge aliandika mwaka 1965 kuhusu kumbukumbu ndogo ya haraka iliyotangulia kumbukumbu kubwa ya polepole. Mwaka 2003 Brad Fitzpatrick, aliyekuwa akiendesha tovuti ya LiveJournal, aliona seva zake zina RAM iliyokaa bure huku hifadhidata inakaba roho, akatunga Memcached: RAM ya mashine nyingi ikawa kama ghala moja, unaweka kitu kwa jina lake na unakichukua kwa jina lake. Mwaka 2009 Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano wa Sicily, alishindwa kuifanya hifadhidata ya MySQL iende na kasi ya chombo chake cha kufuatilia wageni wa tovuti papo kwa papo, akaandika Redis. Hiyo iliongeza orodha, seti na hesabu juu ya majina na thamani.

Machi mwaka huu wenye Redis walibadilisha leseni yake, ikaacha kuwa huru kama zamani. Kabla mwezi haujaisha Linux Foundation ikatangaza Valkey, iliyoendeleza msimbo ule wa zamani chini ya leseni huru. Nimechagua Valkey. Wenye vibanda hawa hawana wakili wa leseni, na sitaki kuwapa deni wasilolijua.

Tofauti ya kasi inastahili kuandikwa hapa, maana mara nyingi husemwa vibaya. Kusoma kwenye RAM ni kama nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10 kutafuta mahali, yaani mara laki moja zaidi, na diski za kisasa zisizozunguka ziko katikati. Lakini PostgreSQL nayo huweka kurasa zake inazotumia sana kwenye RAM. Mara nyingi haigusi diski kabisa. Kwa hiyo tunachookoa ni kazi: kuunganisha majedwali matatu, kupanga, kujumlisha, na kushikilia muunganisho muda wote huo. Valkey inatoa jibu lililokwisha kupikwa. Asiyelielewa hili hununua diski ya bei ghali kisha akashangaa.

Jumanne, 17 Desemba

Nimeamkia kwa Mama mwenye kibanda cha tatu kutoka kona. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mizoga iliyoning'inia akikagua kwa kidole gumba, anabonyeza paja, anaangalia mafuta ya figo, anasogea kwa mwingine. Nilingoja amalize.

"Mama, ukibadilisha bei ya kilo, mteja akiendelea kuona ya zamani kwenye simu, unaweza kuvumilia kwa muda gani?"

"Ameiona tu, au amelipa?"

"Ameiona tu."

"Akiiona tu, hata dakika tano si kitu. Anafika, namweleza, tunaelewana. Akishalipa ya zamani, hapo ni hasara yangu ama ni ugomvi, na mimi sitaki hata kimoja."

"Na bei unaibadilisha mara ngapi kwa siku?"

"Siku ya kawaida, asubuhi, basi. Siku kama Krismasi, mbuzi wakipungua, naweza kuigeuza mara tatu kabla ya jioni."

"Na mguu uliobaki?"

"Mguu wa mwisho hauna dakika, kijana. Watu wawili wakiambiwa upo, mmoja atanitukana."

Kwa maneno hayo machache amenipangia mfumo wote. Mwenye kujua bei ya zamani inaumiza kwa kiasi gani ni yeye, na fundi hana njia ya kulipata hilo kwenye vitabu vya programu. Nimeona misimbo mingi yenye 300 au 3600 iliyoandikwa kwa mazoea, sekunde zilizookotwa kwenye mfano wa mtu mwingine, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye mali.

Kisha akanionyesha wanavyojitayarisha kwa Ijumaa. Hawangoji mteja aketi ndipo waweke nyama motoni. Wakijua magari yanakuja, mbavu zinapanda jikoni mapema, zinaiva nusu, zinasogezwa pembeni penye makaa hafifu. Mteja akiagiza, zinarudishwa kwenye moto mkali kwa dakika chache na kukatwa. Anayeona kibanda kina kasi ya ajabu hajui kwamba kazi ilifanyika kabla hajafika. Na Mama anajua kwa jicho ubavu uliokaa pembeni mno: umekauka ukingoni, mafuta yameganda. Huo haumpi mteja hata akiwa na haraka kiasi gani. Kache yetu inatakiwa kufanya hivyohivyo, ikiwa ni pamoja na kutupa.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku mbili za msimbo. Utaratibu niliouchukua ni wa kawaida: programu inaangalia Valkey kwanza, ikikosa, inauliza hifadhidata, inaweka jibu Valkey pamoja na muda wa kufa, inamjibu mteja. Mwenye kibanda akibadilisha bei, hifadhidata inaandikwa kwanza, na ikishathibitisha ndipo ufunguo, yaani jina la bei hiyo, unafutwa kwenye kumbukumbu. Sibadilishi thamani iliyo kwenye kache, naifuta tu, na msomaji atakayefuata ataijaza upya kutoka kwenye ukweli.

Hata hivyo kuna upenyo, na nimekaa nao usiku. Tuseme msomaji anakosa bei kwenye kumbukumbu, anaisoma kwenye hifadhidata: 800. Kabla hajaiweka, Mama anaigeuza kuwa 900. Hifadhidata inaandika 900, ufunguo unafutwa. Sasa yule msomaji aliyechelewa kidogo anaweka 800 yake. Kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa na bado kumbukumbu inasema uongo, na itaendelea kuusema hadi muda uishe.

Wahandisi wa Facebook walilieleza tatizo hili kwenye makala yao ya mwaka 2013. Anayekosa kitu kwenye Memcached anapewa tokeni, na bila tokeni iliyo hai huwezi kuweka thamani. Ufunguo ukifutwa, tokeni zote za nyuma zinakufa nao. Sisi tuna vibanda vichache na seva moja, sihitaji mtambo mzima wa namna ile. Nimeweka namba ya toleo kwenye kila bei: mwenye toleo la nyuma hawezi kuandika juu ya la mbele. Namba ikikaa pembeni ya ufunguo, msomaji aliyechelewa anakataliwa. Na juu ya hapo muda wa kufa ni sekunde 60, kwa hiyo hata kosa nisilolijua haliwezi kuishi zaidi ya dakika moja. Mama alisema tano.

Ijumaa, 20 Desemba

Jambo la pili linalonitisha ni dakika yenyewe inapoisha.

Simu mia tatu zinatazama ukurasa. Ufunguo wa bei unakufa. Zote zinakosa kwa mpigo, zote zinakimbilia hifadhidata na swali lilelile, na tumerudi kwenye Jamhuri. Makala ileile ya 2013 inatoa hesabu ya kundi la data lililosumbuka hivyo: bila tokeni, hifadhidata ilipigwa na maswali 17,000 kwa sekunde wakati wa kilele; walipotoa tokeni moja tu kwa kila ufunguo ndani ya sekunde 10, yalishuka hadi 1,300.

Nimefanya hivi. Anayekosa anajaribu kuweka kufuli dogo Valkey, lenye uhai wa sekunde chache. Aliyefaulu peke yake ndiye anaenda hifadhidata. Wengine wanapewa bei iliyotoka kuisha muda, ambayo sasa siitupi papo hapo bali naiacha dakika mbili zaidi kwa kazi hii tu. Jumla ni kama dakika tatu, bado ndani ya tano za Mama. Mwenye kibanda akibadilisha bei kwa mkono wake, hata hiyo nakala ya nyuma inafutwa. Na muda wa kila kibanda nimeuchanganya kidogo, sekunde 50 hadi 70 kwa bahati nasibu, ili funguo zote zisife pamoja.

Nimelijaribu kwa mzigo wa bandia hadi usiku wa manane. Hifadhidata haikushtuka.

Jumamosi, 21 Desemba

Malipo. Hapa sina mzaha na mtu.

Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, inataka uombe tokeni kwanza, na tokeni hiyo inaishi saa moja. Nimekuta msimbo wa zamani unaomba tokeni mpya kwa kila mteja anayelipa: safari nzima ya mtandao kabla ya safari yenyewe. Hii ndiyo kache iliyo halali kuliko zote, maana aliyetoa tokeni amekuambia waziwazi itakufa lini. Naihifadhi kwa dakika 50, naziacha zile kumi za mwisho ziwe usalama. Malipo sasa yanaanza na hatua moja pungufu.

Lakini hali ya malipo yenyewe, amelipa au hajalipa, haiingii kwenye kumbukumbu ya haraka kwa namna yoyote. Wala kilo zilizobaki wakati wa kuagiza. Ukurasa wa mbele unaweza kuonyesha "upo" kwa makisio ya sekunde chache. Kitufe cha kuagiza kinakwenda moja kwa moja kwenye hifadhidata, na hifadhidata inapunguza kilo kwa sharti kwamba zinatosha. Zisipotosha, mteja anaambiwa zimeisha kabla simu yake haijamwomba namba ya siri. Mguu wa mwisho hauna dakika.

Nimefunga pia mlango. Valkey inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, na ina nywila. Februari 2018 watu waovu walitumia seva za Memcached zilizoachwa wazi kwenye intaneti kuishambulia GitHub kwa mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde. Seva hizo ziliwekwa ili ziharakishe tovuti, si kumshambulia mtu.

Jumatatu, 23 Desemba

Saa tatu asubuhi, kabla ya wimbi, nimezima Valkey kwa makusudi. Ukurasa ulikuwa mzito kidogo lakini ulisimama: faharasa na foleni za wiki iliyopita zimefanya kazi yao. Nimeiwasha tena, nikaijaza bei zote kabla mtu hajauliza.

Saa nane mchana lami haikuonekana kwa magari. Matatu, mabasi, magari madogo yenye magodoro juu ya paa. Maswali ya ukurasa wa mbele yalijibiwa na kumbukumbu zaidi ya mara tisini na tano katika mia, na miunganisho ya hifadhidata haikuvuka kumi na mbili. Kumbukumbu niliiwekea kikomo cha megabaiti 256 na kuiamuru itupe kwanza kilichokaa muda mrefu bila kuguswa. Ukiweka kikomo bila kutoa amri hiyo, inakataa kuandika ikijaa. Haikufika hata robo.

Saa kumi Mama aligeuza bei. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na simu yangu mkononi. Alibonyeza, nikasukuma ukurasa, bei mpya ikatokea. Hakusema kitu, aliendelea kukata.

Saa kumi na moja na kitu wateja wawili waliufukuzia mguu wa mwisho wa kibanda cha jirani, mmoja akiwa Gilgil, mwingine hatujui. Hifadhidata ilimpa mmoja. Wa pili aliambiwa umeisha, akachagua mbavu za kibanda cha pili, akalipa. Hakuna aliyetukanwa.

Ijumaa, 27 Desemba

Kikao na wenye vibanda, chini ya mti, chai na mandazi. Walibishana kweli. Mmoja alitaka bei ikae sekunde 10 tu kwa sababu anaigeuza mara nyingi. Mwingine alisema hajali hata saa nzima. Mchomaji mzee kuliko wote aliuliza swali zuri kuliko yote: mtandao ukikatika kabisa, mteja ataona nini? Nimewajibu kwamba ataona bei ya mwisho pamoja na saa iliposomwa, na kitufe cha kuagiza kitazimwa. Walikubali.

Nimeyaandika waliyoamua ndani ya msimbo, pembeni ya kila namba, pamoja na tarehe na kibanda kilichokubali. Bei ya kilo, kama sekunde 60. Saa za kufungua, siku moja badala ya wiki. Picha, wiki. Tokeni ya malipo, dakika 50. Kilo zilizobaki wakati wa kuagiza, sifuri. Atakayeupokea mfumo huu baada yangu, namwomba asiguse hata namba moja kati ya hizi kabla hajaja Kikopey kuuliza.